Tangi la akriliki la kujitengenezea: maungio yana viputo na kona inavuja, linaokolekaje?

PwezaMdogo (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba utaalamu wenu.

Tangi ni la samaki, la akriliki (plastiki ngumu inayopenya mwanga kama kioo) ya mm 10. Kwa nje lina sm 100 kwa 45 kwa 45, kwa hiyo likijaa linaingia lita kama 185. Kuta nne zimesimama juu ya shiti la chini, na kuta fupi zimebanwa katikati ya zile ndefu. Fremu ya juu bado haijagundishwa. Gundi iliyotumika ni ile nyepesi kama maji wanayotumia mafundi wa mabango, ikapitishwa kwa bomba la sindano. Limekaa zaidi ya wiki mbili ndipo likajaribiwa maji.

Kasoro zilizopo:

1. Ungio la mbele chini lina mlolongo wa viputo wa sm 6 hivi, na pembeni yake kuna baka jeupe kama ukungu.
2. Kona ya kushoto nyuma, pale shiti tatu zinapokutana, inatoa tone kila baada ya dakika chache maji yakifika sm 20.
3. Ungio la wima la kushoto mbele lina vijistari vingi vinavyometameta, vinaanzia kwenye ukingo na kuingia ndani ya shiti kama mm 3 hadi 5.

Kuna aliyeshauri nipige silikoni kona zote kwa ndani mambo yaishe. Je, inatosha? Au kuna namna ya kurekebisha bila kuvunja lote?

---

MsumenoMeno80

Mkuu, usimimine chochote kwanza. Hayo uliyoyataja ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja inaua lingine. Hasa hiyo namba 3: ukiiongezea gundi ya maji, yaani hiyo nyepesi uliyotumia, nyufa zitarefuka mbele ya macho yako.

Tupe majibu haya:

- Shiti zilikatwa kwa leza au kwa msumeno? Kingo zake zilikuwa zinang'aa au zilikuwa na ukungu wa msumeno?
- Gundi yenyewe ni klorofomu au dikloromethani? Harufu haitoshi, muulize aliyekuuzia.
- Chukua karatasi ya kawaida ya A4, ambayo unene wake ni karibu mm 0.1, uisukume kwenye kona inayovuja. Inaingia? Inaenda umbali gani?
- Zima taa, mulika tochi kwa pembeni kwenye kila ungio. Palipoungana utaona pa kupenya mwanga, kana kwamba shiti ni moja. Pasipoungana panang'aa kama fedha. Chora mipaka ya sehemu hizo kwa kalamu ya wino upande wa nje.

Kuhusu viputo, swali si vingapi. Swali ni je, vimeshikana hadi kutoboa njia kutoka ndani kwenda nje? Kiputo kilichozungukwa na gundi pande zote ni kasoro ya macho tu, kiache. Viputo vilivyogusana mpaka vikabakiza mm 3 au 4 za gundi katika unene wa mm 10, hapo ungio limeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na kwangu mimi hilo ni la kuimarishwa hata kama halivuji leo.

Silikoni sahau. Haishiki akriliki kama inavyoshika kioo. Inakaa juu kama utando, na akriliki inapopinda kidogo kwa uzito wa maji, utando unabanduka kuanzia pembeni. Mbaya zaidi, ikishapakwa, gundi ya kweli haitakaa tena mahali hapo mpaka uikwangue yote.

---

PwezaMdogo

Asante mkuu. Majibu:

Zilikatwa kwa leza, kingo zinang'aa sana. Gundi ni klorofomu. Karatasi ya A4 inaingia kona ya nyuma kushoto, na inateleza kwenye ungio la chini kama sm 3 kutoka kona, kisha inakwama. Kwa tochi, vile viputo vya mbele vina kimoja tu kilichotokeza upande wa ndani, upande wa nje umebaki ukanda mzima wa mm 4 hivi. Maungio mengine hayana vijistari, ni kushoto tu.

---

MsumenoMeno80

Basi picha imekamilika.

Leza haikati akriliki kama msumeno, inaiyeyusha. Ule ukingo unaong'aa ni ngozi iliyopoa ghafla huku shiti la ndani likiwa bado baridi, kwa hiyo imebaki na mvutano umefungiwa ndani yake. Klorofomu au dikloromethani ikigusa ngozi hiyo, mvutano unajiachia kwa kupasuka, na ndivyo unavyopata hivyo vijistari. Kuung'arisha ukingo kwa moto kabla ya kugundisha kunaleta balaa hilo hilo. Dawa yake ingekuwa kuziweka shiti kwenye tanuri la nyuzi 80 kwa saa kama 4 kwa unene wa mm 10, kisha kuziacha zipoe taratibu humo humo kabla ya gundi. Nyumbani si rahisi. Njia nyepesi ni kuondoa mm 2 hadi 3 za ukingo wa leza kwa ruta (mashine ya mkono ya kuchonga kingo) au msumeno wa meza.

Jambo la pili la leza kwenye shiti nene: mwale wake hautoki na ukingo wa nyuzi 90 kamili, kuna mteremko kidogo. Ndiyo maana karatasi yako imeingia. Ukuta mmoja ukikaa hata mm 0.3 chini zaidi ya jirani yake, ule jirani unabaki umeinuka juu ya shiti la chini kwenye kona, na gundi ya maji haizibi nafasi. Hiyo gundi haina mwili wowote. Kazi yake ni kulainisha nyuso mbili zinazogusana ziingiane, na pasipogusana inapita na kuruka hewani.

Sasa habari njema: kasoro yako ya 2 na ya 3 zote ziko upande wa kushoto. Nyufa haziponi, lakini zinaweza kukatwa. Ukate mwisho wote wa kushoto, sm 3.5 kutoka nje, uutupe, kisha uweke ukuta mpya. Tangi litabaki na urefu wa sm 97.5. Nani atajua?

Utaratibu:

Kukata. Ruta yenye bisi (kipande cha kukatia) iliyonyooka ya meno mawili, mm 6 au zaidi, ikiongozwa na ubao ulionyooka uliofungwa kwa klempu. Kata mm 3 tu kwa kila mpito, usilazimishe, maana akriliki ikipata joto inayeyuka na kujigandisha nyuma ya bisi. Kabla ya kuanza, bana kipande cha mbao cha sm 43 kati ya kuta ndefu kwa ndani, karibu na mkato, zisichezecheze. Fanya mbele, nyuma na chini, mistari yote mitatu ikutane. Msumeno wa mviringo unafaa pia kama una jino la kabaidi, meno 60 au 80. Grenda ya kukatia chuma usithubutu.

Kusawazisha. Hapa ndipo kazi ilipo. Lisimamishe tangi, mkato uangalie juu. Gundisha msasa kwenye kipande cha kioo kinene cha sm 60, kisha kioo hicho ndicho kitembee juu ya kingo zote tatu kwa pamoja, namba 120, halafu 220, umalizie 320. Paka kingo wino wa kalamu kabla ya kila duru. Wino ukiisha kila mahali kwa wakati mmoja, uso umelala. Usisugue kwa msasa ulioshikwa mkononi, utaviringisha kingo, na ukingo ulioviringika hauungi isipokuwa katikati. Usiung'arishe.

Ukuta mpya. Agiza shiti la sm 46 kwa 46, si 45. Lizidi pande zote kama mm 5, utalifuta kwa ruta yenye bisi ya beringi baada ya gundi kukauka. Ukingo wa ukuta huu hauingii kwenye gundi, ni uso wake, kwa hiyo hata ukikatwa kwa leza si neno. Ila omba shiti la kumiminwa, siyo la kusukumwa kwa mashine. Kama hawajui wanachouza, waombe wachore kistari kwa leza kwenye kipande chakavu: mchoro ukitoka mweupe wa ukungu ni la kumiminwa, ukitoka wa kupenya mwanga ni la kusukumwa. La pili linapasuka upesi zaidi likiguswa na gundi.

Kugundisha. Laza ukuta mpya juu ya meza iliyo sawa, ondoa nailoni ya kinga sm 3 tu kuzunguka mahali pa ungio. Lisimamishe tangi juu yake, mkato chini. Kwa kuwa juu ya tangi pako wazi, sasa pamekuwa pembeni, mkono na chupa vinaingia bila taabu. Panga vipande vya waya laini wa mm 0.3 chini ya kingo, kila sm 6, ncha zitokeze nje. Pitisha gundi kwenye pembe ya ndani kwa mkono usiosita, itajivuta yenyewe chini ya ukingo. Ungio lote lina urefu wa sm 130 hivi, kwa hiyo inayoingia ni ml 4 tu, ila andaa ml 10 usije kukatikiwa katikati. Subiri sekunde 30 hadi 45, kisha vuta waya mmoja mmoja ukifuata njia ile ile uliyoanzia. Uzito wa tangi lenyewe, kama kilo 17, unatosha. Usiongeze tofali juu. Ukibana sana unakamua gundi yote nje na ungio linabaki kavu.

Usiliguse kwa saa 24. Wiki moja kabla ya maji, mbili ni bora.

---

BaharaniMombasa

Ndugu zangu, naongezea kwenye lile baka jeupe maana huku pwani ndilo linalotusumbua zaidi.

Klorofomu, na dikloromethani zaidi, zinaruka upesi mno, na zinaporuka zinapoza uso wa shiti. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke wa maji unaganda pale pale kwenye gundi, unabaki ndani mweupe. Kwa hiyo usigundishe asubuhi na mapema wala mvua ikiwa imetoka kunyesha. Mchana wa jua, au ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa saa mbili kabla, unyevu uwe chini ya asilimia 60 hivi. Shiti nazo zikae chumba hicho hicho zipate joto lake. Ukizitoa kwenye kiyoyozi ukazipeleka uani, zinatoka jasho.

Kuhusu ungio la mbele: kwanza likauke kwelikweli. Maji yaliyojaribiwa yamejificha ndani ya vile viputo, na gundi ikikutana nayo utapata weupe mwingine. Feni siku tatu nne, siyo kikausha nywele.

Kisha inua upande wa nyuma wa tangi kama nyuzi 15, ili ile pembe ya mbele iwe mfereji. Gusisha ncha ya sindano kwenye kile kiputo kilichotokeza ndani, weka tone moja, subiri lijivute, weka la pili. Likigoma kuingia, limebanwa na hewa, liache. Usitoboe viputo vilivyofungika kwa drili ili uvijaze. Unabadilisha kasoro ya macho kuwa tundu. Gundi ikimwagika kwenye uso wa shiti usiifute! Iache iruke yenyewe. Ukifuta unachora alama ya kudumu.

Halafu bomba la sindano la hospitali. Mpira wa pistoni wake unavimba kwenye gundi hii na kukwama, na ukisukuma kwa nguvu unamwaga ml 2 kwa mkupuo mahali ulipotaka tone. Tumia kichupa laini cha plastiki chenye sindano ya chuma mdomoni. Kiminye kidogo hewa itoke, kigeuze huku unakiachia kivute hewa ndani, ndipo ukipeleke kazini. La sivyo kinadondosha njiani.

---

KuliKuti

Samahani wakuu, mimi ningechukua njia fupi. Saga vipande vya akriliki, viloweke kwenye klorofomu mpaka iwe uji, jaza ile nafasi ya kona na viputo. Mafundi wengi wanafanya hivyo.

---

MsumenoMeno80

Wanafanya, kwenye herufi za mabango, ambako hakuna maji yanayosukuma. Uji huo sehemu kubwa ni klorofomu, na klorofomu inaruka. Ukijaza nafasi ya mm 1, juu panakauka kwanza, chini panaendelea kutoa mvuke usio na pa kutokea, unapata viputo vipya na mjazo uliosinyaa. Gundi nzito za dukani za aina ya Weld-On 16 zina tabia hiyo hiyo kwa kiasi. Kwa kuziba kitundu cha sindano sawa. Kwa kubeba mzigo hapana.

Tuone mzigo wenyewe. Maji ya kina cha sm 42 yanasukuma chini kabisa gramu 42 kwa kila sentimita ya mraba. Ukijumlisha ukuta wote wa mbele ni kama kilo 86, mchana na usiku, na sehemu kubwa iko kwenye theluthi ya chini, hapo hapo penye viputo.

---

BaharaniMombasa

Ndiyo maana hapo pawekwe fito za pembe. Na kwa kuwa maungio yote yaliyobaki yana kingo za leza, mimi ningeweka kuzunguka sakafu yote, siyo mbele peke yake. Nyufa za namna hii kwa kawaida hujitokeza mapema, kwa hiyo maungio ambayo hayana mpaka sasa yana nafuu, lakini siyaamini kwa asilimia mia.

Fito za akriliki mm 12 kwa 12, zilizokatwa kwa msumeno. Kuna kitu watu wanasahau: kwenye pembe ya ndani tayari kuna kitutu cha gundi iliyokauka. Ufito wenye kona kali utakalia kile kitutu na hautagusa shiti upande wowote. Piga randa kona moja ya ufito mm 2, hiyo ndiyo iingie pembeni.

Hapa usitumie gundi ya maji. Tumia ya sehemu mbili, ile inayokauka kwa kuungana yenyewe na siyo kwa kuruka: Weld-On 40, Tensol 70 au Acrifix 190, yoyote utakayoipata. Inajaza nafasi bila kusinyaa sana. Uwiano umeandikwa kwenye chupa, na sehemu ya pili ni kidogo mno, kwa hiyo pima kwa mzani wa gramu, siyo kwa macho. Kwa mzunguko wa sm 280 andaa ml 60 hivi, lakini changanya nusu nusu, kwa sababu kwenye joto letu la nyuzi 30 inaanza kukaza kabla hujamaliza upande wa pili. Koroga polepole, iache dakika mbili viputo vipande juu. Kwangua uso wa shiti kidogo kwa msasa 320 palipo chini ya ufito, bandika utepe wa karatasi pembeni, mwaga, kandamiza ufito kwa kuuteleza kidogo mbele na nyuma hewa itoke. Toa utepe gundi ikianza kuwa kama asali, usisubiri ikauke.

---

MamaTanganyika (Kigoma)

Kwenye usalama mmepita kimya. Mvuke wa hizi gundi ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, na ndani ya tangi ndiko unakojaa. Usiingize kichwa humo. Feni ivute kutoka chini kwenda nje, milango wazi. Kama unatumia kiyoyozi kwa ajili ya unyevu, gundisha kisha fungua na utoke. Dikloromethani ikiingia mwilini inageuzwa kuwa monoksidi ya kaboni, na Marekani mwaka 2024 walipiga marufuku matumizi yake kwa watu wa kawaida. Klorofomu inaumiza ini. Barakoa ya kitambaa haizuii lolote, na glavu za mpira wa kawaida zinapenywa na gundi ndani ya dakika chache, zibadilishe kila zikilowa.

Jaribio la maji: nje ya nyumba, juu ya ubao ulionyooka unaobeba sakafu yote ya tangi. Akriliki haitakiwi kukalia kingo tu. Paka chaki kavu nje ya kila ungio, tone likipita chaki inabadilika rangi hata kama tone limeshakauka. Sm 10, saa 24. Sm 25, saa 24. Kisha lijaze, siku tatu. Ila lijaze baada ya fremu ya juu kuwekwa, siyo kabla, maana kuta za mm 10 zitatanuka kama tumbo na kuyavuta maungio uliyoyahangaikia. Maji hayo ya kwanza yamwage, jaza tena, na usitie samaki mpaka harufu ya gundi iishe kabisa.

Na usilifute kwa dawa ya vioo yenye amonia wala kwa spiriti. Kwenye kingo za leza hizo peke yake zinatosha kuanzisha nyufa.

---

PwezaMdogo

Nimewaelewa, nakata kushoto. Swali la mwisho: fremu ya juu iwe vipande vinne au shiti moja lenye tundu katikati?

---

MsumenoMeno80

Shiti moja. Vipande vinne vinakupa maungio manne mapya kwenye kona, pale pale panapovutwa zaidi. Upana wa fremu uwe sm 7 kila upande, na acha mkanda wa katikati wa sm 10 unaounganisha mbele na nyuma, kwa hiyo yatoke matundu mawili. Kona za ndani za matundu zikatwe mviringo, nusu kipenyo mm 25 au zaidi. Kona kali ndiyo ufa unapoanzia. Kata kwa ruta na kiolezo cha plaiwudi. Pima tangi baada ya ukuta mpya kukauka na kufutwa, ndipo ukate fremu, usitumie ule urefu wa zamani.